Matembezi ya Msimu wa Kusi Unguja: Mwezi, Upepo na Maji Vitangulie Kabla ya Safari

Mvua za masika zinapopungua mwishoni mwa Mei, kisiwa cha Unguja huingia katika kipupwe, kipindi cha hewa ya ubaridi kiasi na mvua chache kinachoendelea hadi Septemba. Ndicho kipindi ambacho familia nyingi za Unguja na Pemba, pamoja na wageni kutoka Tanzania Bara na nje ya nchi, hutumia likizo za katikati ya mwaka kutembelea fukwe, misitu, magofu na matamasha ya vijijini. Hata hivyo, msimu huo ndio pia ambao upepo wa kusi huvuma kwa nguvu zaidi, na bahari iliyo shwari asubuhi inaweza kuchafuka kabla ya adhuhuri.

Kwa sababu hiyo, matembezi ya pwani hayapangwi kwa kalenda ya ukutani na saa ya mkononi peke yake. Mwezi huamua maji yatajaa na kupwa saa ngapi, upepo huamua upande gani wa kisiwa ni salama, na kalenda tatu tofauti huamua siku za sherehe. Makala haya yanaeleza mambo hayo kwa mpangilio, ili mwananchi anayetoka na watoto wake ajue aende wapi, siku gani na kwa tahadhari ipi.

Maji kujaa na kupwa

Bahari ya Unguja hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa takriban kila siku moja, na kila siku nyakati hizo husogea mbele kwa wastani wa dakika 50. Tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa si ndogo. Katika siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti hiyo inaweza kukaribia mita 4. Katika siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, tofauti hupungua sana.

Jambo ambalo wenyeji wa pwani wamelijua tangu zamani, na ambalo wageni wengi hawalijui, ni kwamba nyakati hizo hurudi kwa utaratibu ule ule kila mwezi. Siku za bamvua, maji ya Unguja hupwa takriban saa nne hadi saa tano asubuhi na kujaa takriban saa kumi hadi saa kumi na moja jioni. Siku za maji mafu mambo hugeuka: maji hujaa katikati ya asubuhi na kupwa alasiri.

Kwa kuwa miezi ya Kiislamu hufuata mwandamo, tarehe ya Hijria ni kielelezo cha kutosha cha hali ya maji. Tarehe 1 hadi 3 na tarehe 15 hadi 17 za kila mwezi ni siku za bamvua. Tarehe 8 hadi 10 na 22 hadi 24 ni siku za maji mafu. Familia inayokwenda Paje asubuhi ya Idi Mosi ya Idd-el-Fitr, ambayo ni tarehe 1 Shawwal, itakuta bahari imepwa na watoto hawatapata maji ya kuogelea hadi baada ya adhuhuri. Familia hiyo hiyo ikienda siku ya Idd-el-Hajj, ambayo huangukia tarehe 10 ya Mfunguo Tatu, itakuta maji yanajaa kuelekea mchana na kupwa jioni. Saa kamili za kila siku hupatikana katika majedwali ya maji kujaa na kupwa, na wavuvi wa eneo husika ni washauri wa kuaminika.

Pwani ya mashariki

Kuanzia Matemwe na Kiwengwa hadi Bwejuu, Paje na Jambiani, ufukwe wa mashariki umekingwa na mwamba wa matumbawe ulio mbali na nchi kavu. Maji yanapopwa katika siku za bamvua, eneo lililo kati ya ufukwe na mwamba hubaki na maji ya kina kifupi, na mtu huweza kutembea mwendo mrefu kuelekea baharini. Ni matembezi yanayopendwa na watoto, kwani vidimbwi vilivyobaki huwa na kaa, samaki wadogo na viti vya pweza.

Yapo mambo matatu ya kuzingatia. Kwanza, viatu vinahitajika, kwa kuwa wapo wanyama wenye miiba mirefu myeusi inayovunjikia mwilini. Pili, maji yanaporudi hayapandi kwa kasi moja. Katika saa sita za kujaa, saa mbili za katikati huongeza takriban nusu ya kimo chote. Kwa siku ya bamvua hiyo ni karibu mita 2 ndani ya saa mbili. Anayetembea hadi mwambani anapaswa kuanza kurudi mara maji yanapoanza kugeuka, na si yanapofika magotini. Tatu, maji yanayotoka hupitia kwenye milango ya mwamba kwa mkondo wenye nguvu. Kuogelea karibu na mlango wakati wa maji kupwa ni hatari hata kwa mtu mzima hodari.

Aidha, sehemu kubwa ya eneo hilo ni shamba. Kilimo cha mwani cha kibiashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na hadi leo wakulima wake wengi ni wanawake. Mambo yaliyochomekwa mchangani na kamba zilizofungwa baina yake ni mali ya mtu, na mwani unaoota hapo huuzwa nje ya nchi kwa ajili ya viwanda vya vyakula, dawa za meno na vipodozi. Siku za bamvua, ambazo wageni hutembea, ndizo siku ambazo wakulima huingia baharini kupanda na kuvuna. Kukanyaga kamba au kung'oa mwani kwa ajili ya picha ni kumharibia mtu kazi ya wiki kadhaa. Anayetaka kuona kazi hiyo aombe ruhusa kwa mwenye shamba, na inapokuwa picha ya mtu, ruhusa hiyo ni ya lazima.

Upande upi wakati wa kusi

Kusi huvuma kutoka upande wa kusini, hivyo fukwe za kusini na mashariki hupata mawimbi na upepo zaidi kati ya Juni na Agosti. Ndiyo maana Paje hujaa vijana wa mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa tiara katika miezi hiyo. Kendwa na upande wa magharibi wa Nungwi, kaskazini ya kisiwa, hukingwa zaidi na kusi. Maji yake pia hayaendi mbali yanapopwa, na kwa hiyo huwezekana kuogelea karibu saa zote za mchana. Kwa familia yenye watoto wadogo, upande huo ni chaguo la busara wakati wa kusi. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Februari, hali hubadilika na fukwe za kaskazini ndizo zinazopigwa na upepo.

Nungwi iko takriban kilomita 60 kutoka mjini. Mbali na ufukwe, kijiji hicho kinajulikana kwa ufundi wa kuunda majahazi na ngalawa, kazi inayofanyika pwani chini ya miti, mbele ya macho ya kila apitaye. Mafundi hawakatai kutazamwa, ila hawapendi kuzungukwa wakati wa kazi ya misumeno na mashoka.

Safari za visiwani na mafungu

Kisiwa cha Changuu, maarufu kama Kisiwa cha Magereza, kiko umbali wa takriban kilomita 6 kutoka Mji Mkongwe. Jengo la gereza lililojengwa huko katika miaka ya 1890 halikutumika kufungia wahalifu; eneo hilo lilitumika kama karantini ya abiria wa meli. Leo wageni wengi huenda kuwaona kobe wakubwa, ambao mababu zao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919. Kobe hao wasipandwe wala wasilishwe vyakula vya mifukoni.

Kisiwa cha Chumbe, kusini ya mji, kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 na mwamba wa matumbawe ambao umekuwa hifadhi tangu mwaka 1994. Idadi ya wageni huko hudhibitiwa, hivyo ni lazima kuagiza nafasi mapema. Kusini-magharibi, Ghuba ya Menai ina mafungu ya mchanga yanayojitokeza maji yanapopwa na kuzama yanapojaa. Safari za kwenda mafunguni zimekuwa nyingi, na hatari yake ni moja: fungu halina mti wala jiwe la kukimbilia. Chombo kilichopeleka watu kisiondoke kuwaacha hapo, na muda wa kurudi ukubaliwe kabla ya kupanda.

Historia ya karibu inaonesha gharama ya kulipuuza suala la usalama wa vyombo. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba ikiwa imebeba watu kupita uwezo wake. Miezi kumi baadaye, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit ilizama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, katika siku ya upepo mkali na mawimbi makubwa. Ajali hizo mbili ziligharimu maisha ya mamia ya watu, na zote zilitokea katika msimu wa kusi.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania hutoa taarifa za hali ya bahari na, inapobidi, ilani kwa viwango vitatu: angalizo, tahadhari na tahadhari kubwa. Katika msimu wa kusi ilani hizo mara nyingi hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Kwa meli kubwa hali hiyo ni usumbufu. Kwa boti ndogo ya matembezi ni sababu ya kuahirisha safari. Abiria ana haki ya kuuliza kama kuna koti la kujiokolea la kila mtu, likiwemo la ukubwa wa mtoto, na ana haki ya kukataa kupanda chombo kilichojaa hata kama ameshalipa.

Msitu na magofu

Siku ambayo bahari imechafuka si siku iliyopotea. Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyo takriban kilomita 35 kutoka mjini, ilitangazwa mwaka 2004 na ina eneo la kilomita za mraba 50. Humo huishi kima punju, mnyama asiyepatikana kiasili popote duniani isipokuwa visiwani Zanzibar. Njia ya mbao inayopita katikati ya mikoko huonesha mazalia ya samaki na kaa, na sehemu ya mapato ya hifadhi huwafikia wananchi wa vijiji vinavyoizunguka. Kima wasilishwe na wasiguswe, kwa kuwa maradhi ya binadamu huweza kuwaambukiza. Madereva nao wanakumbushwa kupunguza mwendo kwenye matuta ya barabara inayopita hifadhini. Matuta hayo yaliwekwa baada ya kima wengi kugongwa na magari.

Kizimkazi Dimbani, kusini ya kisiwa, kuna msikiti wenye maandishi ya Kikufi yanayotaja mwaka 500 wa Hijria, sawa na mwaka 1107. Ni miongoni mwa maandishi ya kale zaidi ya Kiislamu katika Afrika Mashariki. Msikiti huo unatumika kwa ibada hadi leo, hivyo mgeni huvua viatu, hujisitiri na hupisha nyakati za sala. Kutoka Kizimkazi pia huondoka boti za kutazama pomboo. Pomboo wanaofukuzwa na boti nyingi kwa pamoja hukosa kupumzika na kulisha watoto wao. Nahodha anayezima mashine na kusubiri kwa mbali ndiye anayestahili kuchaguliwa.

Mjini, Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000. Eneo la Mkunazini, lilipokuwa soko la watumwa hadi lilipofungwa mwaka 1873, na Ngome Kongwe ni sehemu ambazo mwanafunzi hujifunza historia kwa kuiona. Jumba la Beit al-Ajaib, lililojengwa mwaka 1883 wakati wa Sultani Barghash, liliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020. Tukio hilo ni ukumbusho kwamba majengo haya ni dhaifu: vizuizi na mabango ya tahadhari yaheshimiwe, na watoto wasipande juu ya kuta.

Kalenda tatu za sherehe

Sherehe za Unguja hufuata kalenda tatu, na wageni wengi hukosa tukio kwa kudhani ipo moja tu.

Ya kwanza ni ya Hijria, inayoongoza Idi mbili na Maulidi ya Mfunguo Sita. Mwaka wake ni mfupi kwa takriban siku 11 kuliko mwaka wa kawaida, hivyo sherehe husogea nyuma kila mwaka. Katika Mwezi wa Ramadhani, matembezi huendelea kwa utulivu, lakini kula, kunywa na kuvuta sigara hadharani mchana huepukwa.

Ya pili ni kalenda ya Nairuzi, mwaka wa jua wenye siku 365 uliotumiwa kwa karne nyingi na mabaharia na wakulima wa pwani. Siku zake huhesabiwa kwa miongo, yaani makumi: miongo 36 na siku 5 za ziada. Kalenda hiyo ndiyo inayoleta Mwaka Kogwa wa Makunduchi, ambao katika zama hizi huangukia mwezi Julai. Wanaume wa pande mbili za mji hupigana kwa vipande vya mashina ya migomba ili kumaliza kinyongo cha mwaka uliopita. Kibanda cha makuti huchomwa moto huku aliyekuwemo akitoka na kukimbia. Na wanawake, wakiwa wamevaa nguo zao nzuri, huimba. Kwa mila ya Makunduchi, nyumba isiyopata mgeni siku hiyo haina raha, na anayefika hukaribishwa chakula. Ukarimu huo una masharti yake: mgeni huvaa kwa heshima, hukaa nje ya uwanja wa mapigano, hupisha upande unakoelekea moshi na moto, na huwashika watoto mkono.

Ya tatu ni kalenda ya kawaida, inayofuatwa na matamasha ya kisasa. Tamasha la Kimataifa la Filamu la Zanzibar, pia huitwa Tamasha la Nchi za Jahazi, lilifanyika mara ya kwanza mwaka 1998 na kwa kawaida huwa kati ya Juni na Agosti. Tamasha la Kizimkazi hufanyika Agosti. Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2004, huwa Februari, wakati wa kaskazi. Tarehe hubadilika mwaka hadi mwaka, hivyo tangazo la waandaaji lisubiriwe kabla ya kukata tiketi ya meli.

Jioni na mwenendo

Bustani ya Forodhani, iliyofunguliwa upya mwaka 2009 baada ya ukarabati, ndiyo mahali ambapo watu wa mjini na wageni hukutana baada ya jua kuzama. Urojo, mishikaki, pweza na juisi ya miwa huuzwa hapo. Bei iulizwe kabla ya kupakuliwa, na vyakula vya baharini vilivyokaa nje tangu mapema viepukwe.

Katika vijiji vyote, nguo za kuogelea ni za ufukweni tu. Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Zanzibar, kama ilivyo Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019. Taka zinazobaki zirudi na mwenyewe mjini, kwani vijiji vingi vya pwani havina uwezo wa kuzizoa.

Mambo ya kukagua kabla ya kutoka

Wananchi wanashauriwa kuzingatia yafuatayo:

1. Tarehe ya mwezi mwandamo, ili kujua maji yatajaa na kupwa saa ngapi mahali wanapokwenda.
2. Taarifa ya hali ya bahari ya asubuhi ile ile. Taarifa ya jana haitoshi wakati wa kusi.
3. Koti la kujiokolea kwa kila abiria, na idadi ya watu isiyozidi uwezo wa chombo.
4. Jina la chombo, na saa ya kurudi aliyoachiwa ndugu au jirani aliyebaki nyumbani.
5. Mtu mzima mmoja asiyeingia majini, ambaye kazi yake ni kuwaangalia watoto.
6. Maji ya kunywa, viatu vya kutembelea mwambani na nguo za kujisitiri kijijini.
7. Namba ya dharura 112, iliyohifadhiwa katika simu yenye chaji.

Iwapo mtu amechelewa kurudi kutoka baharini, taarifa itolewe mara moja kwa Polisi au kwa sheha wa eneo husika, bila kusubiri usiku kuingia. Mchana bado upo, wavuvi bado wako pwani, na utafutaji huwa mwepesi zaidi.